Brazameni wa London

Juzi chumbani tulibishana kuhusu pamba. Jamaa yangu mmoja anaapa kwamba ubrazameni umeanza na kizazi chetu. Nikamwambia subiri nikuoneshe babu yao.

Anaitwa George Brummell, London walimpa jina la Beau, yaani mtanashati. Alizaliwa mwaka 1778. Sio mtoto wa lodi wala nini, babake alikuwa katibu wa waziri mkuu. Akasoma Eton, Oxford akakaa kidogo tu, halafu akaingia jeshini kwenye kikosi cha mrithi wa ufalme, huyu aliyekuja kuwa George wa Nne. Wakawa maswahiba.

Sasa utamu uko hapa. Enzi zile wakubwa walivaa hariri za marangirangi na kujipaka poda kwenye nywele. Jamaa akaja na koti la bluu iliyokolea, suruali ndefu, shati jeupe pee na kitambaa cha shingoni kilichotiwa wanga. Basi! Anaoga kila siku, anapiga mswaki, anajiandaa kwa masaa, na mtoto wa mfalme anakuja kukaa amwangalie anavyovaa. Inasimuliwa kwamba kitambaa kikikunjika vibaya kinatupwa, analetewa kingine. Suti na tai zetu za siku ya mahafali zina undugu na huyu bwana.

Kilichomponza ni mdomo na kamari. Mwaka 1813 kwenye dansi mtoto wa mfalme akampita bila salamu, naye akamuuliza mwenzie kwa sauti yule rafiki yako mnene ni nani. Urafiki kwisha. Mwaka 1816 akatorokea Ufaransa, madeni nyuma yake. Mwaka 1830 akapewa ubalozi mdogo kule Caen, 1832 ukafutwa, 1835 akafungwa kwa deni. Alifia hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1840, mchafu, yeye aliyewafundisha wenzie kuoga.

Jamani, hapo sikucheka. Wiki ijayo naenda kufundisha kwa mazoezi, na nimekopa viatu viwili vya mtumba eti wanafunzi wasinidharau. Bumu lenyewe halijatoka! Kumbe kilichompa Brummell jina ni usafi na shati jeupe, na shati jeupe ninalo.

Kesho narudisha pea moja. Mwenye pasi chumba cha jirani, naja kuazima.