Sentinele asiyekula sana

Kulinda nyumba tunajua: ukuta, kufuli, mbwa, na mwenye uwezo anaweka sentinele wa usiku. Lakini hapa Lubumbashi nyumba nyingi sasa zina antene juu ya bati, na kupitia antene hiyo intaneti inaingia mchana na usiku bila mtu mlangoni. Mwaka huu tuliamua kuweka mlinzi hapo pia. Wafundi wanakiita parefe. Ni kimashine kinachokaa kati ya antene na simu zote za nyumba. Kinaangalia kinachoingia na kinachotoka, na kinakataa kile ambacho hakuna mtu wa nyumba aliyekiomba. Sisi nyumbani tunakiita sentinele.

Sababu zetu ni watoto. Binti yetu mkubwa yuko kilasi ya mwisho ya sekondari, anajitayarisha kwa Exetat, na masomo yake ya usiku anayafuata kwa intaneti. Wadogo zake wanashika simu hiyo hiyo, na picha zinazojitokeza zenyewe si za macho ya mtoto wa miaka minane. Tena forfe ya mwezi ilikuwa inaisha mapema bila kujua nani ameila.

Programu za kazi hii hazilipiwi. Kuna OpenWrt, inayokubali hata kimashine kidogo sana, na OPNsense, inayotaka mashine ya aina ya kompyuta. Hata kuchuja picha chafu kuna njia ya bure: Cloudflare wana anwani ya familia, 1.1.1.3, ambayo haifungui kurasa za watu wazima. Kwa hiyo shida haikuwa programu. Shida ilikuwa mashine yenyewe.

Yaya mkubwa wa baba watoto alikuwa na kompyuta ya zamani, ile ya sanduku refu, akasema: chukueni, ni zawadi. Kwetu zawadi ya mkubwa haikataliwi hivi hivi. Na kununua kimashine kipya kulitaka pesa ya zamu yetu ya likelemba, ambayo tuliiwekea minervali ya muhula na vitambaa vya viti vya salo. Basi kabla ya kujibu, tulikaa na karatasi na kalamu.

Fundi alipima kompyuta ya yaya kwa mita ndogo ya kuchomeka ukutani. Ikiwa imekaa tu bila kazi, ilikula wati 60. Sentinele halali, kwa hiyo zidisha kwa saa 24: wati-saa 1440 kila siku. Kimashine kidogo kisicho na vantilateri, ambacho fundi alituonyesha, kilikula wati 6. Kwa siku ni 144. Tofauti ni mara kumi.

Sasa tazameni batri. Sisi tuna batri moja ya volti 12, ampea-saa 100. Ikijaa ina wati-saa 1200, lakini batri ya asidi ukiimaliza yote kila mara inakufa haraka, kwa hiyo tunahesabu nusu tu, 600. Antene na kifaa cha wifi vinakula wati 14 pamoja, na bila hivyo sentinele hana mlango wa kulinda. Tukiongeza kompyuta ya yaya tunapata wati 74: batri inatosha saa 8. Tukiongeza kimashine kidogo tunapata wati 20: saa 30. Kwenye kartiye yetu umeme unaweza kukatika jioni ukarudi kesho yake mchana. Saa 8 zinaisha katikati ya usiku. Saa 30 zinafika asubuhi, jua linapiga pano, batri inaanza kujaa tena. Kwa mtoto anayengoja Exetat, hiyo si hesabu ndogo.

Jambo la pili ni vumbi. Toka mwezi wa tano hadi wa tisa mvua hakuna, na vumbi jekundu linaingia hata kwenye sahani zilizofunikwa. Vantilateri kazi yake ni kuvuta hewa, na kwetu kuvuta hewa ni kuvuta vumbi. Linajaa ndani, vantilateri inapiga kelele, inakuwa nzito, mwisho inasimama, na mashine inapata moto mpaka inakufa. Kimashine kisicho na vantilateri hakina kitu kinachozunguka. Mwili wake ni alumini yenye mistari kama mbavu, na moto unatokea hapo. Umeme wote unaoliwa unageuka moto. Ndiyo maana mashine inayokula kidogo inaweza kupoa bila kupulizwa.

Baba watoto mwenyewe alikwenda kwa yaya na ile karatasi. Akamwambia: yaya, mashine yako ni nzuri, lakini ni mlaji, na batri yetu ni maskini. Tuachie watoto waitumie kujifunza kuandika, mchana umeme ukiwepo. Yaya aliomba kalamu, akarudia hesabu yote mwenyewe, halafu akasema: hata mimi ningefanya hivyo. Kompyuta iko mezani kwa watoto leo. Minervali tulilipa. Vitambaa vya viti vinangoja zamu ijayo.

Mama anayetaka kununua, aulize maneno haya butikeni. Kina matundu mawili ya waya wa mtandao? Moja ni la antene, la pili ni la nyumba. Raspberry Pi, kwa mfano, ina tundu moja tu. Kinakula wati ngapi kikiwa kazini? Usisome namba ya chaja pekee, maana hiyo ni kiasi cha juu ambacho chaja inaweza kutoa. Omba kipimwe mbele yako. Kinatumia volti 12? Hapo unaweza kukilisha kutoka batri bila kupitia konvertisere, ambayo nayo inakula umeme wake. Lakini batri ikijazwa inapita volti 14, kwa hiyo uliza kama kimashine kinavumilia, na kama hakivumilii, fundi aweke kidhibiti cha volti katikati. Mwisho: umeme ukikatika na kurudi, kinawaka chenyewe? Sentinele wa kuamshwa kila siku hafai. Na usishawishiwe na mashine yenye nguvu kubwa. Intaneti ya nyumba zetu ni ya kadiri, haihitaji trekta kubeba kikapu.

Ukishafika nacho nyumbani, kiweke mahali pa wazi, palipoinuka, si ndani ya kabati. Tunaomba sana, wamama: kisivalishwe kitambaa cha kufuma. Televizioni inavumilia, kimashine hiki hapana. Ukikigusa ni cha moto kidogo, usiogope, ndivyo kinavyopumua. Mara moja kwa juma kipangusiwe kwa kitambaa kikavu.

Tuseme pia kile ambacho sentinele hawezi. Mtoto akiwasha intaneti ya sim kadi yake, amepita nje ya ukuta, na sentinele hamuoni. Hapo anabaki mama, baba, na mazungumzo ya mezani. Sisi tumewaambia watoto wetu wazi kuna nini mlangoni, kinakataa nini na kwa sababu gani. Binti mkubwa ndiye sasa anayesoma kila Jumamosi forfe imetumika kiasi gani, na anawasomea wadogo zake kwa sauti. Tangu hapo, hakuna tena anayesema hajui nani ameila.