Safari juu ya Theluji

Msomaji, ukialikwa Quebec, Kanada, kuandamana na wenye pikipiki za theluji za miaka ya 1960, vaa nguo nzito. Mbele zina vyuma viwili vya kutelezea, nyuma mkanda mpana wa mpira unaozunguka. Utavuta kamba mpaka injini ikubali, na moshi wake utakukereketa. Mwendo ni mmoja nyuma ya mwingine. Usipomwona wa nyuma yako, simama umngoje.

Theluji si mchezo. Mwaka wa 1934, huko Valcourt, fundi Joseph-Armand Bombardier alifiwa na mwanawe Yvon, mtoto wa miaka miwili: theluji ilikuwa imeziba njia ya hospitali. Mwaka wa 1959 akatoa pikipiki yake, Ski-Doo. Mojawapo ya kwanza ilipelekwa kwa Padre Maurice Ouimet, mmisionari wa Lansdowne House, Ontario, asitegemee tena mbwa wa kumvuta.