Kumbe Hakuwa Samaki!

Mpenzi msomaji, mwezi huu sina ushauri wa kumpata mchumba wala siri ya kumtuliza mume. Nina aibu, na nimeona niimwage hapa hapa, maana najua siko peke yangu.

Sisi ni wahamiaji wa Dodoma. Wizara ya mzee ilipofungasha virago kuja huku, nasi tukaiaga Dar mwaka 2019, tukapanga nyumba Kisasa. Wenyeji mnajua: upepo wa kiangazi ukivuma, vumbi linaingia mpaka kabatini. Nguo nyeupe ukiivaa asubuhi, mchana imeshakuwa rangi ya udongo. Nilipojifungua mtoto wa pili, baba watoto akaninunulia mashine ya kufulia. Nililia, jamani! Wenzangu wanaletewa maua, mimi nimeletewa kitu kinachofua kilo saba kwa mkupuo mmoja.

Tatizo likawa soketi. Jikoni ipo moja tu, na friji ilishaikalia. Mzee akanunua ekstensheni ya bei chee, akapitisha waya nyuma ya kabati, akachomeka friji, mashine na birika la umeme, vyote pamoja. Nikamuuliza, "Itahimili kweli?" Akanijibu, "Mke wangu, umeme ni umeme tu." Nikanyamaza. Mwanaume akishashika bisibisi, nani amwambie kitu?

Wiki ya tatu harufu ikaanza. Harufu ya samaki. Kwetu samaki wa Mtera hawakosekani, kwa hiyo sikuona haja ya upelelezi. Nikamwita dada anayetusaidia kazi.

"Dada, matumbo ya samaki unayatupa wapi?"

"Shimoni, mama."

"Sasa mbona jikoni kunanuka?"

Maskini, akasugua sakafu kwa sabuni na ndimu. Harufu ikapotea, baada ya siku mbili ikarudi. Safari hii nikamwambia nyumba yangu si gulio la samaki. Siku moja akajaribu kujitetea: "Mama, mimi naona hiyo harufu inakuja nikiwasha mashine..." Nikamkatisha. "Usisingizie mashine!" Tangu siku hiyo hakuitaja tena.

Na mwenzenu nina shahada ya mawasiliano! Chuoni tulifundishwa kwamba ujumbe haujafika mpaka upande wa pili uupokee. Mtihani huo nilifaulu vizuri tu.

Basi bwana, Jumamosi moja niko sebuleni nasahihisha kurasa za gazeti, dada akatokea kachichi mgongoni, mkubwa amemshika mkono. Akasema taratibu, "Mama, tutoke nje. Nimeshazima swichi kubwa." Nikageuka jikoni, nikaona moshi mwembamba ukipanda nyuma ya kabati.

Tulisimama uani, namba ya Zimamoto, 114, iko tayari kwenye simu. Bahati nzuri umeme ulipokatika moshi nao ukaisha. Nikamuuliza mbona hakumwaga maji, na ndoo ilikuwa palepale. Akanishangaa. "Mama, umeme na maji vinapatana wapi?"

Fundi alifika mchana. Kuifungua mashine, mota nzima, mkanda mzima. Akavuta kabati. Plagi ya ekstensheni ilikuwa nyeusi, soketi imeyeyuka upande mmoja. Akatufanyia hesabu ya darasa la tano: plagi ya ampia 13 kwa umeme wetu wa volti 230 inabeba wati 3,000 hivi. Mashine ikichemsha maji inaweza kula wati 2,000, birika nalo 2,000, friji bado. Halafu plagi ilikuwa imelegea. Umeme mwingi ukipita palipolegea, pale panapata moto polepole, wala swichi haijikati. Na plastiki ya soketi ikiungua hivyo, mara nyingi inanuka kama samaki.

"Ingekuwa mkanda," akasema, "mngesikia harufu ya mpira. Hiyo inatokea mkishindilia nguo kupita kiasi. Lakini samaki? Kagueni soketi kwanza."

Mzee akakohoa, akaichukua ekstensheni yake, akaenda kuitupa bila neno. Jumatatu fundi mwenye leseni ya EWURA akaivutia mashine soketi yake peke yake, waya wa milimita 2.5, na ardhi juu. Birika limehamia meza nyingine.

Lakini mimi nilibaki na deni. Usiku nilimfuata dada chumbani kwake, nikakuta begi limefungwa. Alikuwa ameshaomba nauli kwa shangazi yake, anangoja mwisho wa mwezi tu. Nikamuuliza mbona hakunisisitizia habari ya mashine. Akaangalia chini. "Niliogopa mama. Ingeharibika, ungenikata mshahara."

Yaani binti aliona ni nafuu kukaa na moto kuliko kukaa na mdomo wangu! Na ni yeye aliyekuwa akishinda jikoni na wanangu, mimi niko ofisini. Nikamwambia, "Nimekukosea, mdogo wangu. Nisamehe." Maneno machache, lakini sisi mabosi wa nyumbani huwa yanatukwama kooni. Alilia, nami nikalia. Begi lilifunguliwa kesho yake, si usiku ule. Sikumlaumu.

Kwa hiyo, msomaji wangu, ukisikia harufu ya kuungua mashine ikiwa kazini, usiipulizie manukato. Zima ukutani kama swichi ni kavu na haina joto; vinginevyo kazime swichi kubwa. Funga bomba, usimwage maji, usiiwashe tena "kujaribu". Ukiona moshi unazidi, toa watu nje upige 114.

Kiswahili chetu kinasema harufu inasikiwa. Nyumbani kwangu aliyeisikia alikuwepo tangu mwanzo. Hakuwepo wa kumsikia yeye. Je, kwako nani anajua kitu, lakini anaogopa kukwambia? Muulize leo, kabla hujalaumu samaki.