Fundi wa Madurai, Fundi wa Embu

Likizo ya Desemba 2006 ilipowadia, mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu alirejea kwao Embu akiwa na diski ya filamu ya Kitamil iitwayo Kaadhal, yaani mapenzi. Iliongozwa na Balaji Sakthivel na kutolewa mwaka 2004. Watu wa nyumbani walizoea filamu za Kihindi ambazo binti wa tajiri na kijana wa mtaani huhangaika kwa saa tatu, baba mtu akalainika, harusi ikafanyika. Binamu yake, fundi wa pikipiki pale mjini, aliketi kuitazama kwa sababu moja tu: aliambiwa kwamba mhusika mkuu naye ni fundi.

Murugan, aliyeigizwa na Bharath, hutengeneza pikipiki mjini Madurai. Aishwarya, aliyeigizwa na Sandhya, ni binti wa mkwasi wa mji huohuo. Wapenzi hao wanatorokea Chennai na kufunga ndoa. Jamaa za msichana wanawafuata kwa maneno matamu na kuwarudisha. Wakifika Madurai, utamu unakwisha. Murugan anapigwa hadi Aishwarya anakubali kuivua alama ya ndoa shingoni na kuolewa na mwingine. Baadaye, kwenye taa za barabarani mjini Dindigul, Aishwarya akiwa na mume na mtoto anamwona kichaa aliyevaa matambara. Ni Murugan. Anazimia. Usiku anatoka kwenda kumtafuta, naye mumewe, badala ya kumwadhibu, anamchukua yule kichaa ili akatibiwe.

Mama mwenye nyumba, aliyekuwa akipita na sufuria, alisimama mapema sana katika kisa hicho. "Huyo msichana amevaa sare ya shule," alisema. "Hapa kwetu fundi huyo angelala korokoroni." Hakukosea. Mwaka huohuo Bunge la Kenya lilikuwa limepitisha Sheria ya Makosa ya Kingono. Hoja hiyo ni nzito kuliko filamu inavyokubali, maana msanii ametuvuta tuyahurumie mapenzi kabla ya kutuuliza umri.

Fundi hakujibu. Nusu ya kwanza alikuwa akicheka na kumsahihisha Murugan jinsi ya kushika spana. Tangu Dindigul alinyamaza kabisa.

Wote pale sebuleni walijua sababu. Miaka mitatu nyuma alipendana na msichana wa Meru, mtu mzima mwenye kazi yake, ambaye baba yake alikuwa na shamba kubwa la majani chai na jengo la kukodisha mjini. Wajomba wa fundi walipanda matatu kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu, wakiwa na asali na heshima zote. Hawakufukuzwa wala kupigwa. Walipewa chai na nyama, wakaulizwa habari za mvua, kisha wakatajiwa mahari ambayo gereji nzima ingeuzwa isifikie nusu yake. Kiasi hicho kilitajwa kwa upole. Waliaga kwa upole vilevile. Siku hizi Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema kwamba, pale mahari inapohitajika kuthibitisha ndoa ya kimila, sehemu ndogo tu inatosha kuwa thibitisho. Lakini hakuna kifungu kinachomwambia mkwasi amtazame vipi mtu mwenye grisi kwenye kucha.

Mwanafunzi alijaribu kuyasomea. Alikumbusha Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ iliyoigizwa Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977, ambamo mwana wa tajiri anampa Gathoni mimba kisha anamkana. Akasema kwamba maskini akiwa msichana huachwa, na maskini akiwa mvulana huadhibiwa. Na kwamba ukubwa wa Kaadhal umo katika yule mume, mtu asiyedaiwa chochote ambaye ndiye anayelipa. Ni uhakiki mzuri, na darasani ungempatia alama.

"Mume ni mtu mwema, ndugu yangu, sikatai," fundi alisema hatimaye. "Wamempeleka hospitali. Na waliompiga?"

Mwanafunzi alifikiria. Filamu haiwarudii. Huruma ya mume inapoingia, hesabu ya baba mkwe inafungwa bila kusomwa, na mtazamaji anatoka akiwa amelia vya kutosha asiulize.

"Rudisha nyuma," fundi aliomba.

Mwanafunzi akarudisha hadi Dindigul, kwenye taa za barabarani.

"Siyo hapo. Madurai."

Akairudisha hadi kwenye kile kipigo. Fundi akasogeza kiti karibu na televisheni, akazitazama nyuso za wale wanaume moja moja, pamoja na zile za waliosimama kando bila kunyoosha mkono. Kisha akainuka, akasema kuna pikipiki ya mteja iliyotakiwa asubuhi, akatoka.