Vibao Vitano Vyeusi

Ukikaa mbele ya kinanda, utaona kwamba toka sauti moja hadi ndugu yake wa juu mwenye jina lile lile kuna vibao 12: saba vyeupe na vitano vyeusi. Kila mwalimu wa kwaya analijua jambo hili, na wengi wakisha kulijua hawalifikirii tena. Mimi nimelifikiria tangu utoto wangu huko Masama. Kwa ajili ya vibao hivyo vitano niliwahi kuchapwa, niliwahi kushindwa mbele ya watu, na kwa miaka mingi sikuelewana na baba yangu katika mambo ya muziki, ijapokuwa katika mambo mengine yote tulipendana.

Baba alikuwa kiongozi wa kwaya. Wamisheni wa Kilutheri wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na kutoka huko kazi yao ikaenea hadi kwetu. Walileta shule, Biblia na nyimbo za sauti nne. Nilipopata akili, katika miaka ya kwanza ya uhuru, nyimbo hizo zilikuwa zimekwisha kuwa zetu, kama kahawa ilivyokuwa yetu ingawa nayo ililetwa. Baba aliwafundisha watu kwa do-re-mi. Aliandika herufi ubaoni, akawagawa wanakwaya makundi manne, kisha akawatawanya chini ya migomba kila kundi lijifunze peke yake. Ukipita njiani jioni ungesikia besi wakiunguruma upande huu, akina mama wakiitikia ng'ambo ya mfongo, na wimbo wenyewe bado haujaonekana. Ulionekana Jumapili.

Mimi nilipewa kazi ya kupangusa kinanda cha kukanyaga kila Jumamosi. Huko ndiko nilikogundua kwamba juu ya vibao vyeusi hapana kosa. Piga hiki, fuatisha kile, ruka kimoja, rudi nyuma: hakuna kinachogombana na mwenzake. Wimbo ambao bibi yangu alitubembelezea ulikaa juu ya vibao hivyo kama mtoto mgongoni. Siku moja baba akanikuta. Sikuwa nimepangusa kitu. Akanichapa fimbo mbili, akasema, "Wimbo una mwandiko wake, mwanangu. Hivyo unavyofanya ni kupoteza njia."

Ilinichukua muda mrefu kuelewa sababu ya utulivu wa vibao vile, na sababu yenyewe si ngumu. Katika ngazi ya do, re, mi, fa, so, la, ti, hatua si sawa. Toka mi kwenda fa ni nusu hatua tu, na toka ti kwenda do ni nusu hatua. Sauti mbili zilizokaribiana hivyo zikilia pamoja husuguana kama matawi mawili penye upepo. Ondoa fa na ti, zitabaki do, re, mi, so, la, nazo zimeachana vya kutosha. Vibao vyeusi ni ngazi hiyo hasa. Ndiyo maana mtoto asiyefundishwa hakosei juu yake. Lakini ndiyo maana pia baada ya robo saa huchoka, kwa kuwa pasipo msuguano hapana safari. Fa na ti ndizo zinazousukuma wimbo. Besi wakishika so, na wengine wakashika ti, re na fa, kanisa zima linaingoja do. Sauti kadhaa zinazolia pamoja namna hiyo nitaziita fungu. Mafungu yakifuatana kwa utaratibu huwa ndiyo barabara ambayo wimbo hupita juu yake, na barabara hiyo ndiyo aliyoijua baba.

Jazi niliisikia kwanza redioni. Jina lenyewe tulikuwa nalo siku nyingi: Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz. Lakini bendi zetu hizo zilipiga magitaa na rumba iliyotokea Kuba na kupitia Kongo, nazo zilipiga vizuri sana. Neno "Jazz" lilikuwa bango la mlangoni tu. Jazi ya Wamarekani weusi niliipata usiku katika masafa mafupi, Sauti ya Amerika, ambako tangu mwaka 1955 bwana mmoja aitwaye Willis Conover alikuwa na kipindi cha jazi na alizungumza Kiingereza cha polepole, kama anayejua kwamba kuna kijana Masama anayemsikiliza chini ya blanketi.

Katika jazi, mpiga piano hushika barabara ya mafungu kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia hutunga papo hapo. Msomaji aliyewahi kuwasikia malenga wakijibizana atalielewa jambo hili mara moja. Vina na mizani vimekwisha kuwekwa, lakini maneno malenga huyatafuta pale pale, hadhira ikimtazama.

Usiku mmoja nikamsikia McCoy Tyner. Huyu alizaliwa Philadelphia mwaka 1938 na kufariki mwaka 2020, na toka mwaka 1960 hadi 1965 alikuwa mpiga piano katika kundi la John Coltrane. Mkono wake wa kushoto ulishuka kama mchi kinuni. Mkono wa kulia ulimwaga sauti tano, zikapanda, zikashuka, zikarudi. Nilizitambua! Zilikuwa sauti zangu za Jumamosi. Ila hazikukaa mahali pamoja. Alizichukua zote tano, akazihamisha, akazitua pengine, na barabara chini yake haikutikisika.

Nilipokuwa mwalimu, nikapata piano mbovu ya kujifunzia, nikaanza kutafuta alivyofanya. Nilipata kwanza hili: juu ya fungu moja tu la nyumbani, yaani do, mi na so, mpigaji anaweza kuweka ngazi ya sauti tano mahali patatu. Akiianzisha kwenye do, yuko ndani ya nyumba, karibu na moto. Akiianzisha kwenye so, anapata so, la, ti, re, mi. Do mwenyewe hayumo, na mpigaji amesimama mlangoni. Akiianzisha kwenye re, anapata re, mi, la na ti pamoja na fa iliyopandishwa nusu, ambayo watu wa do-re-mi huiita fe. Hapo ametoka uani, na mawingu yameondoka Kibo. Fungu ni lile lile na umbo la ngazi ni lile lile. Kilichobadilika ni mahali pa kusimama tu. Nilifurahi kwa ugunduzi huu wiki nzima, nikawachosha walimu wenzangu.

Miaka ile ya sabini ilikuwa miaka ya kuulizana kilicho chetu. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya Desemba 10, 1962, alikuwa ametangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na alisikitika kwamba wasomi wetu walijua kucheza dansi za kigeni kuliko ngoma za kwao. Hapana shaka alisema kweli. Basi nilipojiandikisha katika mashindano fulani ya utamaduni, na kupiga piano juu ya wimbo wa bibi yangu kwa mafungu ya jazi, mmoja wa waamuzi alisimama akasema kwamba piano si chombo chetu na jazi si ngoma. Nikajibu kwa hasira kwamba sauti tano ni mali ya Mwafrika, na kwamba wengine wote walituibia. Watu walipiga makofi. Sikupewa tuzo.

Laiti ningalijua wakati ule habari ya Randy Weston! Mwezi Novemba 1960, zaidi ya mwaka mzima kabla ya uhuru wa Tanganyika, mpiga piano huyo wa Brooklyn alirekodi kazi aliyoiita Uhuru Afrika, muziki wake ukipangwa na bibi Melba Liston, na humo Mtanganyika Tuntemeke Sanga akasoma kwa Kiswahili shairi la uhuru lililotungwa na Langston Hughes. Mwaka 1964 makaburu wa Afrika Kusini waliipiga marufuku. Ningemtajia mwamuzi yule jina la sahani hiyo, pengine angekaa kitini.

Hata hivyo, jibu langu lilikuwa la uongo, na ilinibidi nilikiri. Wachina wana ngazi ya sauti tano, nao hawakuiba kwetu. Waskoti wanayo. Wimbo wa kanisa uitwao Amazing Grace, ambao maneno yake yaliandikwa na John Newton, Mwingereza aliyewahi kuwa nahodha wa meli za watumwa, huimbwa kwa sauti tano tu toka mwanzo hadi mwisho. Na kwa upande wa pili, zile sauti za Mwafrika nilizojigamba nazo huenda zisiwemo kabisa ndani ya piano. Nilifahamu hayo nilipokaa na mpigaji mmoja wa Kigogo mwenye ilimba. Msomaji anamkumbuka marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003 baada ya kuupeleka muziki wa Wagogo duniani kote. Mwenyeji wangu hakuwa maarufu hivyo, lakini alikuwa na masikio yale yale. Wagogo huzijenga sauti zao juu ya zile za asili zinazotoka ndani ya uzi mmoja unapoguswa taratibu mahali mbalimbali. Nilizitafuta kwenye piano. Kadhaa nilizipata, lakini moja ilikataa: ilikuwa chini kidogo ya kibao changu, na juu ya kibao kinachofuata. Mzee yule alisikiliza piano, akacheka kwa adabu, akasema, "Mwalimu, chombo chako hakisikii vizuri."

Kwa hiyo sikuwa na hati ya kumiliki sauti tano, wala mwamuzi hakuwa na hati ya kuninyima. Kilichobaki kuulizwa ni jinsi mtu anavyozitumia, na hapo ndipo nilipomrudia baba.

Mwaka 1996 alikuwa mzee, amestaafu kwaya, na miguu ilimsumbua. Nilikwenda Masama wakati wa likizo nikiwa na kinanda kidogo cha umeme. Tulikaa sebuleni baada ya chakula. Akanishangaza kwa kusema, "Nipigie hiyo jazi yako. Lakini uipige juu ya wimbo ninaoujua, nikuone unapopotelea."

Nikachagua wimbo ule wa sauti tano nilioutaja, do ikiwa F. Nilianza kama alivyoufundisha yeye, sauti nne, bila kuongeza kitu. Wimbo wenyewe juu hauna fa wala ti. Lakini besi na wenzake chini wanazo, nao ndio wanaobeba mzigo wa safari. Mstari wa pili huishia kwenye so ya juu, na hapo waimbaji hushusha pumzi. Chini yao limekaa lile fungu linalongoja: so, ti, re na fa. Kwa muda wa pumzi hiyo wimbo hauna kazi. Pengo hilo ndilo nililolitumia.

Niliiinua ngazi nzima nusu hatua. Zile do, re, mi, so, la za F ukizipandisha nusu hatua zinaangukia vibao vyeusi, vyote vitano, bila kubaki hata kimoja. Juu ya fungu lile zinauma sana, kwa sababu nne kati yake hazimo katika wimbo huo kamwe, na ya tano ndiyo fa yenyewe. Umbo la ngazi ni lile lile ambalo sikio limelisikia tangu mwanzo, kwa hiyo msikilizaji haoni kwamba mpigaji amekosea. Anaona kwamba nyumba nzima imenyanyuliwa pamoja na vyombo vyake. Kisha fungu la so linafunguka, linakuwa do, na kila sauti nyeusi inashuka nusu hatua na kumkuta mwenzake nyumbani akimngoja. Zile sauti za utotoni ambazo hazikuweza kukosana na yeyote zilikuwa kali kuliko fa na ti, maana sasa chini yake palikuwa na barabara ya baba.

Nilipomaliza nilimtazama. Alikuwa amefumba macho, na kidole chake kilikuwa juu ya mkono wa kiti, kikihesabu.

"Vile ni vibao vyeusi," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Nilivisikia." Akanyamaza kidogo. "Kupotea hukupotea. Umerudi. Lakini umechelewa pigo moja. Besi wangekuwa wamekwisha kuingia, nawe ungewakuta mlangoni. Rudia toka mstari wa pili."

Nilirudia. Safari hii hakuhesabu kwa kidole. Nilipofika penye pumzi na kuipandisha ngazi, nikamsikia nyuma yangu akiishika so ya besi kwa sauti yake ya zamani, imekwaruza lakini iko mahali pake, naye hakuniongezea hata nukta moja ya muda.