Kuifuata Radi Kibaoni

Katavi hatuna vile vimbunga vya Oklahoma, vinavyong'oa mapaa na kuwafanya watu wajaze kamera kwenye magari na kwenda kuvifukuza. Tuna radi. Na ukitaja radi popote Tanzania, mtu atakujibu kwa jina la mji: Sumbawanga. Sijawahi kumwambia mwenzangu wa Dar es Salaam kwamba naelekea Rukwa au Katavi akakosa kunitania kuhusu radi za kutumwa. Utani huo ni mwepesi ukiwa Kariakoo.

Mwezi Desemba nilikuwa na kazi Mpanda, nikabakiwa na siku moja. Nikateremka Kibaoni, nikamwambia kijana wa bodaboda kwamba nataka tuifuate mvua kuanzia inapozaliwa mpaka inapoishia.

"Dada, watu wanaikimbia mvua," akasema. Kisha akataja bei ya siku nzima, na haikuwa ya kirafiki.

Kibaoni pamekaa mahali pazuri kwa kazi hiyo. Barabara ya kutoka Sumbawanga inashuka safu ya Lyamba lya Mfipa, inapita hapo, halafu inaingia Hifadhi ya Katavi kuelekea Sitalike. Upande wa pili mbuga za Mpimbwe zinafunguka kuelekea Ziwa Rukwa, tambarare, unaona anga lote. Msimu wa mvua huku ni mmoja tu, Novemba hadi Aprili.

Asubuhi mbingu ilikuwa safi kabisa. Saa nne jua likaanza kuchoma, saa tano vikatokea vijiwingu juu ya safu, vyeupe kama pamba. Hapo ndipo pa kuangalia. Hewa yenye unyevu inapashwa joto na ardhi, inagonga mlima, inakosa pa kwenda, inapanda. Huko juu kabisa maji yanaganda, chembe za barafu na vijiwe vya mvua ya mawe vinagongana na kusuguana, na umeme unajitenga, huku chanya, huku hasi, mpaka wingu linashindwa kuubeba. Saa sita na robo tukaona mwako wa kwanza. Chini yake hapakuwa na nyumba wala ng'ombe. Msitu na mawe tu.

Nikamfundisha kijana kuhesabu: kutoka mwako hadi ngurumo, kila sekunde tatu ni kilomita moja. Kumi na nane. Kumi na tano. Tuliwasha pikipiki, tukakaa ubavuni mwa wingu, tukilifuata linavyoambaa kuelekea bondeni. Alipofika tisa akasema mwenyewe, "Sasa inatufuata sisi."

Mwenye bodaboda katikati ya mbuga ndiye kitu kirefu kuliko vyote, na chini ya mti ni kubaya zaidi. Hata jengo si lazima likuokoe. Juni 2011, Uganda, radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika Shule ya Msingi Runyanya, wilayani Kiryandongo, wakiwa darasani. Bahati yetu lilikuwepo Fuso la mpunga limeegeshwa kando ya barabara. Dereva na utingo wake wakatubanabana ndani ya kabini. Ndani ya bati, madirisha yamefungwa, radi ikipiga hupita nje na kushuka ardhini. Tulikaa humo dakika arobaini, hakuna aliyeongea. Nimeandika habari za ajali na za uchaguzi, ila woga wa aina ile sikuwa naujua.

Mvua ilipopungua tukasikia kelele za watu. Ng'ombe wanne walikuwa wamelala chini ya mkwaju, gome la mti limechanika kutoka juu hadi chini. Hakuna aliyegusa kisu. Watu walikuwa wanaulizana kwa sauti ya chini nani ana ugomvi na mzee mwenye ng'ombe, na jibu lilikuwa tayari: mama mmoja mjane, jirani, ambaye ng'ombe hao walimlia mahindi akaenda kulalamika kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nchi hii wanawake wazee wamekatwa mapanga kwa ushahidi mdogo kuliko huo.

"Shikamoo mzee. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza tulichokiona tangu saa sita. Kijana wangu akadakia, akahesabu kwa vidole radi zilizopiga mlimani pasipo na mtu. "Zile nazo alizituma nani, na kwa nani?" Ningeweza kuwaambia habari za Kabare, Kivu Kusini, ambako utafiti wa setilaiti uliotoka 2016 ulikuta radi zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, wakipitwa na Ziwa Maracaibo la Venezuela tu. Hakuna wilaya yenye wachawi wa kutosha kwa kazi hiyo. Lakini mzee alikuwa na swali lake, nalo lilikuwa zuri.

"Sawa. Mawingu yanatengeneza radi. Kwa nini ng'ombe wangu?"

Kwa sababu walijikinga chini ya mti mrefu. Kwa sababu umeme ukishuka kwenye shina unasambaa ardhini, na ng'ombe, miguu yake ya mbele iko mbali na ya nyuma, unapandia huku na kutokea kule, ukipita moyoni.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Na kwa nini mti wangu, miti yote hii?"

Hapo sikuwa na jibu la kumtosha mtu aliyepoteza ng'ombe wanne. Nikasema ulikuwa njiani. Akatikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa kunionea huruma.

Giza lilikuwa linaingia mama mwenyewe alipopita, ndoo kichwani. Akasimama. "Poleni jamani," akasema. Watu wakaangalia chini. Kijana wangu akazima taa ya pikipiki. Ikapita kama nusu dakika hivi, ndipo mzee akaitika, bila kuinua uso: "Asante, mama."