Ukoo Ndani ya Madaftari ya Mahakama

Shangazi,

Uliniuliza kwenye simu swali ambalo nilikuahidi kulijibu kwa barua: hawa Wamarekani Weusi, ambao wazee wao waliletwa kwa meli wakauzwa, wakabadilishwa hata majina, ukoo wao wanaujuaje? Swali lako limekuja wakati mzuri. Jirani yangu hapa Salisbury, mama mmoja muuguzi mstaafu, anautafuta ukoo wake, nami jioni nikitoka kazini humsaidia kusoma. Kwa hiyo ninayokuandikia nimeyaona kwa macho yangu.

Wengi wakianza kurudi nyuma hukwama mwaka 1870. Hiyo ndiyo sensa ya kwanza ya Marekani iliyowaandika watu weusi wote kwa majina yao. Katika sensa za 1850 na 1860, watumwa waliorodheshwa chini ya jina la bwana wao kwa umri, jinsia na rangi tu: mwanamke, miaka 30, mtoto wa kiume, miaka 4. Fikiria kumtafuta bibi yako katika orodha ya namna hiyo. Lakini wapo ambao wazee wao walikuwa huru tangu enzi za ukoloni wa Waingereza, na hao njia yao haipiti kwenye sensa. Inapita mahakamani.

Rasi tunayoishi inagawanywa kati ya Delaware, Maryland na Virginia, nayo ina bahati kubwa. Upande wa kusini, katika mji mdogo wa Eastville, mahakama ya kaunti ya Northampton ina kumbukumbu zilizoandikwa mfululizo tangu mwaka 1632. Kaunti nyingine za Virginia zilipoteza madaftari yao kwa moto na vita. Zipo zilizoyapeleka Richmond yahifadhiwe, na Aprili 1865 Richmond ikaungua nayo ndani. Ya Eastville yamesalia, na picha zake siku hizi zinasomeka hata kwenye kompyuta ya jikoni.

Usidhani mahakama ya wakati ule ilikuwa ya wezi na wauaji tu. Mahakimu walikuwa wakulima wakubwa wa tumbaku, wakikutana karibu kila mwezi, na kila jambo la kaunti lilipita mbele yao: madeni, wosia, yatima, kodi, mauzo ya ardhi, hata alama za mkato kwenye masikio ya ng'ombe, kwa sababu mifugo ilizurura porini na kila mwenye nayo aliandikisha alama yake. Mtu asiyejua kuandika, asiye na cheo, angeweza kuonekana humo mara nyingi kwa ajili ya ndama mmoja. Ndiyo maana tunasoma kurasa zote, hatutafuti jina letu peke yake. Hati ya kuuza ardhi inataja majirani wa pande zote. Mke wa muuzaji alihojiwa faragha, mbali na mumewe, kama ameridhia, na hapo jina lake la kwanza linaandikwa, pengine mara moja tu katika maisha yake yote.

Wewe uliyekaa baraza la kata miaka mingi utalifurahia hili: tangu 1662 sheria ya Virginia iliwataka wenye mashamba wa kila parokia watoke kila baada ya miaka minne, watembee mipaka yao pamoja na majirani, wakague miti ya kona na kuitia alama upya. Mwaloni, mpaini, mdomo wa kijito. Ugomvi wa mpaka ulimalizwa na waliokuwa wakiukanyaga, kama mnavyofanya kwa minazi na miembe.

Sasa nikueleze ukoo mmoja, kwa sababu ndio unaonifundisha kuyasoma madaftari haya. Mwaka 1621 alifika Virginia kijana aliyeandikwa Antonio, Mwafrika, ndani ya meli iliyoitwa James. Machi 1622 wenyeji wa asili, Wapowhatan, walivamia makazi ya Waingereza, na katika shamba alilokuwa akifanya kazi alikuwa mmoja wa wachache walionusurika. Mwaka huohuo akafika mwanamke aliyeandikwa Mary. Wakaoana, wakapata watoto, wakapata uhuru wao. Baadaye tunawakuta huku kwenye rasi, naye anaitwa Anthony Johnson. Mwaka 1651 alipata hati ya ekari 250. Utaratibu ulikuwa hivi: kila kichwa ulichogharamia kuingia koloni kilikupa ekari 50, naye alidai vichwa vitano.

Miaka miwili baadaye shamba lao liliungua. Wakaenda mahakamani kuomba nafuu. Mahakimu wakaandika kwamba watu hawa wameishi Virginia zaidi ya miaka 30, kwamba bidii yao inajulikana, kisha wakawasamehe Mary na binti zake wawili kodi kwa maisha yao yote. Ukiusoma uamuzi huo haraka utaona huruma tu. Lakini uliza kwanza walikuwa wakilipa kodi gani. Tangu 1643 wanawake wa Kiafrika walitozwa kodi ya kichwa, ilhali wake wa Waingereza hawakutozwa. Kwa hiyo sentensi moja ya karani inakuonyesha mambo mawili: heshima ambayo familia hii ilikuwa nayo kwa majirani, na sheria iliyokwisha kuwatenga.

Kisha inakuja kesi ambayo huwa naisoma kwa uchungu. Anthony Johnson alikuwa na mtu wake wa kazi, John Casor, mweusi kama yeye. Casor alisema aliingia kwa mkataba wa miaka saba au minane, na kwamba Johnson amemzuia miaka saba zaidi. Jirani Mwingereza, Robert Parker, akamchukua. Johnson akashtaki, na mahakama ikaamua Casor arudishwe kwake. Walioutoa uamuzi waliandika 8 Machi 1654. Kwa hesabu yetu ni 1655, kwa sababu mwaka wa Waingereza ulianza tarehe 25 Machi mpaka walipobadili kalenda mwaka 1752. Wapo wanaopenda kuitaja kesi hii ili kusema utumwa ulianzishwa na mtu mweusi. Si kweli, Waafrika walikuwa wakishikwa maisha huko Virginia kabla ya hapo, na 1640 mahakama kuu ya Virginia ilimhukumu mtoro mweusi, John Punch, kutumika mpaka kufa, ilhali wazungu wawili waliotoroka naye waliongezewa miaka minne tu. Lakini sitamtetea Johnson. Mtu aliyeujua utumwa alimrudisha mwenzake utumwani kwa mkono wa mahakama, na kuutafuta ukoo kwa uaminifu ni kulisoma na hilo.

Mwaka 1665 familia ikahamia kaskazini, upande wa Maryland, katika iliyokuja kuwa kaunti ya Somerset. Johnson akakodi ekari 300 akaliita shamba hilo Tonies Vineyard, akafa mwaka 1670. Agosti mwaka huohuo, kule Virginia, waamuzi waliketi kuamua juu ya ardhi aliyoiacha. Wakasema kwamba kwa kuwa alikuwa mtu mweusi, basi alikuwa mgeni, na ardhi ya mgeni hurudi serikalini. Alikuwa amekaa koloni hilo zaidi ya miaka 40. Alilipa kodi, alishtaki na kushtakiwa, hati yake iko daftarini. Shangazi, mimi ninayebeba kadi ya ukaazi mfukoni nililifunga daftari usiku ule nikashindwa kulala.

Na jirani yangu? Ukoo wake umeanzia pabaya zaidi. Mtafiti aitwaye Paul Heinegg, ambaye kwa miaka mingi amechambua kumbukumbu za kaunti hizi, ameonyesha kwamba familia nyingi za weusi huru wa Virginia ya kikoloni zilitokana na wanawake wazungu, watumishi wa mkataba, waliozaa na wanaume wa Kiafrika. Sababu ni sheria ya 1662: mtoto hufuata hali ya mama yake. Mama akiwa huru, mtoto huru. Wakubwa wakaliona tundu hilo, na mwaka 1691 wakaamuru kwamba mwanamke kama huyo alipe paundi 15 ndani ya mwezi mmoja, la sivyo auzwe utumishi wa miaka mitano. Na mtoto afungwe kwa bwana mpaka atimize miaka 30. Wazee wa kanisa ndio waliowapeleka mahakamani. Kwa hiyo jina la bibi wa kwanza wa ukoo linaonekana siku aliyosimamishwa mbele ya watu kuaibishwa.

Mama huyu alipolipata jina la bibi yake, aliligusa kwenye skrini kwa kidole. Mwandiko wa zamani ni mgumu, herufi zinajikunja, wino umegeuka rangi ya kutu, karani ameandika jina la mwanamke mara mbili kwa tahajia mbili katika mstari uleule. Nilidhani atalia. Akasema, "Huyu nani alimsimamia?" Yaani nani alimdhamini, nani alilipa, nani alikuwa upande wake. Tukarudi ukurasa wa kwanza wa kikao kile kuwatafuta mashahidi.

Ninapomwona akichoka humkumbusha habari za mwisho za akina Johnson. Mary, mjane, aliandikisha ng'ombe kwa ajili ya wajukuu wake mwaka 1672, kila mmoja wao ng'ombe na uzao wake, ili asije mtu akawanyang'anya. Na mwaka 1677 mjukuu wake John akanunua ekari 44 hukohuko Somerset. Shamba lilihitaji jina la kuandikwa katika hati. Akaliita Angola. Kijana huyu alizaliwa Amerika, na mimi naamini hakuwa na njia ya kulipata jina hilo ila kwa wazee wake, waliolitaja nyumbani mpaka akalishika.

Jumamosi tunaanza daftari la Somerset la miaka ya 1720. Tunamtafuta mtoto wa yule bibi, anayepaswa kuwa amemaliza miaka yake 30 wakati huo. Na kama jina lake halimo, tutalisaka la bwana aliyefungwa kwake, tuone aliuza nini na alipakana na nani. Niandikie afya yako, na unisalimie wote hapo nyumbani.

Mwanao wa Salisbury